Nilimshuku Mama, Kumbe Ni Jokofu

Kwa muda wa miezi miwili na nusu nilimshuku mama yangu mzazi kuwa anaiba sukari. Nayaandika maneno haya kwa haya usoni, lakini nimeona ni heri niyaandike, maana sidhani kwamba nyumba yangu ni ya pekee ambamo mzee amesutwa kwa kosa asilolitenda.

Ndugu msomaji, tunaishi Kariakoo, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, mojawapo ya zile chache zilizosalia zikiwa zimebanwa na maghorofa kulia na kushoto. Mimi ni mwalimu mstaafu. Mama, ambaye mwaka huo wa 2022 alikuwa ametimiza miaka 79, ana ugonjwa wa kisukari, na kila siku, asubuhi na jioni, hudungwa sindano ya insulini. Kazi ya kumdunga ni yangu, kwa kuwa jicho lake moja lina mtoto wa jicho na mkono wake unatetemeka kidogo.

Mnamo Januari mambo yalianza kwenda kombo. Kipimo cha asubuhi kabla hajala, ambacho kwa kawaida kilikuwa 7 au 8, kilipanda hadi 14, kisha 18, na siku moja 22. Mama akawa hashibi maji. Usiku aliamka mara nne au tano kwenda msalani, akinishika bega kwenye ukumbi wenye giza. Akakonda. Kidonda kidogo cha kidole cha mguu, alichokipata kwa kukwaruzwa na kandambili, kikakataa kufunga. Kliniki wakaongeza kiasi cha dawa, kipimo hakikushuka. Wakaongeza tena.

Basi, mtu aliyefundisha shule ya msingi kwa miaka 31 hakosi kujua dalili za mtoto anayedanganya, au ndivyo nilivyojidhania. Nikakata shauri kwamba mama anakula vitu vitamu kwa siri. Mtungi wa sukari nikaupigia mstari wa kalamu pale sukari ilipoishia, kama tulivyokuwa tukipiga mstari kwenye chupa ya wino wa shule. Asubuhi yake sukari ilikuwa palepale penye mstari. Je, nilitosheka? La hasha. Nikasema, basi atakuwa anakula kwa majirani. Sukari, tende, asali na kipande cha halua tulicholetewa kutoka Unguja nikavifungia kabatini, na ufunguo nikaufunga kwenye pindo la khanga yangu. Wajukuu nikawapa kazi ya upelelezi. Mdogo wangu wa kiume, aliyeko Mwanza, nikampigia simu, naye akazungumza na mama kwa ukali ambao mtoto hastahili kuutumia kwa mzazi wake.

Mama hakujitetea sana. Alisema mara moja tu, "Sukari yenu siitaki." Na siku nyingine, nilipokuwa naviringisha kichupa cha dawa kati ya viganja kama tulivyofundishwa, alikitazama kwenye mwanga wa dirisha akasema, "Mwanangu, dawa hii ina chenga."

Nikamjibu, "Ni macho yako hayo, mama."

Sasa yanipasa nieleze habari za jokofu, au friji, kama tulivyozoea kuliita. Ni la mlango mmoja, lenye kisanduku cha barafu ndani yake, juu. Nililinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo changu, nalo halikuwa jipya hata siku niliyolinunua. Lakini tangu mwishoni mwa mwaka 2021 lilikuwa limepata nguvu za ajabu. Maji yaliganda kabla ya adhuhuri. Mtaa mzima ulijua: ukitaka barafu ya kweli, nenda kwa Mwalimu. Watoto walikuja na sarafu zao, wauza juisi walikuja na ndoo zao, nami nilikuwa napata chochote cha kununulia mboga. Nakiri kwamba nilijivuna. Mchicha nilipoukuta umekauka kama kioo, na nyanya zimepasuka kwa kuganda, nilicheka tu nikasema jokofu hili limekuwa la Ulaya. Uniti za LUKU zilikwisha upesi kuliko zamani, nikawalaumu wajukuu na televisheni yao. Fundi mmoja aliyepita kutengeneza soketi alilitazama akasema friji linalogandisha namna hii ni la kumshukuru Mungu.

Na vichupa vya insulini, vile vya akiba ambavyo havijafunguliwa, nilivipanga wapi? Nyuma kabisa, chini ya kisanduku cha barafu, vikigusana na ukuta wenye baridi kali kuliko pote, ili vipate ubaridi wa kutosha. Kile kilichofunguliwa ndicho nilichokiweka mlangoni. Hivyo kila nilipofungua kichupa kipya, kilikuwa kimekwisha kuganda na kuyeyuka, pengine zaidi ya mara moja, nami nisijue.

Aliyelifumbua fumbo hilo alikuwa muuguzi wa kliniki ya kisukari, mwishoni mwa Machi. Hakuanza kwa kumgombeza mama, kama nilivyotarajia na, Mungu anisamehe, kama nilivyotaka. Aliuliza dawa tunaiweka wapi.

"Kwenye friji," nikasema. "Tena friji letu ni kali, hata mboga zinaganda."

Akaiweka kalamu yake mezani. Akaniomba kichupa, akakiviringisha polepole, akakiinua kwenye mwanga. Ndani yake zilielea punje nyeupe, mfano wa maziwa yaliyokatika. Dawa ya aina ile, ikishaviringishwa, yapaswa kuwa na weupe ulio sawasawa kutoka juu hadi chini. Punje zilikuwamo. Mwenye mtoto wa jicho alikuwa ameziona, na mwenye macho mazima hakuziona.

Muuguzi akatueleza kwa upole. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye ubaridi wa digrii 2 hadi 8. Joto jingi huiharibu pole pole, lakini kuganda huiua mara moja, na hata ikiyeyuka hairudi kuwa dawa. Si kila mara punje huonekana. Pengine dawa iliyoganda huonekana safi kabisa, kwa hiyo ikijulikana tu kwamba imeganda, yapasa itupwe. Kisha akasema jambo ambalo lilinitetemesha. Kwa kuwa kiasi cha dawa kilikuwa kimeongezwa mara mbili ili kupambana na sukari isiyoshuka, kama tungeanza kutumia dawa nzima kwa kiasi kilekile kikubwa, sukari ingeweza kushuka ghafla usiku, mama akazimia asiamke. Akakirudisha kiasi cha zamani, akaagiza tumpime mara nne kwa siku na kumpigia simu.

Njiani kurudi, tukipita kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja, mama alishika mkono wangu kwa sababu ya kidonda chake, wala hakusema neno. Ningependa angenigombeza.

Nilipofika nyumbani nilisimama mbele ya jokofu kama mtu anayemtazama mgeni aliyemkaribisha akaja kumharibia nyumba. Nilizungusha kirungu chake cha namba. Kwa kawaida, kirungu kikifika 0, mota ya nyuma hunyamaza. Nilikizungusha hadi 0. Mota ikaendelea kunguruma. Nikakipeleka 7, nikakirudisha 0. Iliendelea vilevile, kana kwamba sikuwapo. Nikachomoa plagi.

Nilimpigia simu fundi. Akasema atakuja juma lijalo kulichukua jokofu, alipeleke kwake, na kwamba huenda mota inataka kubadilishwa. Akataja fedha ambazo sikuwa nazo. Nikajiuliza: mota ambayo haichoki kunguruma, itakuwaje ndiyo mbovu? Mbovu ni yule anayepaswa kuiambia inyamaze.

Huyo ndiye themostati. Ni kijisanduku kisichozidi kiberiti viwili, kilichofichwa nyuma ya kirungu cha namba. Kutoka kwake hutoka mrija mwembamba wa chuma, kama mkia wa panya, nao umejaa gesi. Mkia huo hubanwa kwenye bati la kugandishia. Joto likipanda, gesi hutanuka, husukuma kifuko kidogo ndani ya kisanduku, kifuko nacho hukutanisha vyuma viwili, umeme ukapita na mota ikaamka. Baridi ikizidi, gesi hunywea, springi huvitenganisha vyuma, mota ikalala. Hayo ndiyo yote. Mimi niliyewafundisha watoto wa darasa la tano, mwaka baada ya mwaka, kwamba vitu hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, sikuwahi kufikiri kwamba somo lile lilikuwa likifanya kazi jikoni kwangu usiku na mchana. Baadaye nilisoma kwamba themostati ya umeme ya kupima joto la vyumba ilibuniwa na mwalimu pia, Warren Johnson wa Wisconsin, Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1883, akiwa amechoka kuingiliwa darasani na mtunza jengo kila mara aliyekuja kuangalia kama chumba kina joto. Huko kwao walikitafuta kifaa hicho kwa ajili ya moto; sisi huku twakihitaji kwa ajili ya baridi.

Kwetu vyuma vile viwili vilikuwa vimeungana. Cheche ndogo hurukaruka kila vinapokutana na kuachana, na baada ya miaka mingi huweza kuyeyushana vikashikana, visiachane tena.

Nilipotamka kwamba nitaibadilisha mwenyewe, mjukuu wangu mkubwa alicheka, kisha akaona sicheki. Jambo la kwanza niliiweka plagi juu ya meza, mbele ya macho yangu, ili asitokee mtu wa kuichomeka kwa kunisaidia. Niliondoa kila kitu, nikaacha barafu iyeyuke yenyewe. Mtu asijaribu kuichokoa kwa kisu, maana ukitoboa bati la kugandishia umekwisha kulizika jokofu. Kwa bisibisi nikafungua kifuniko chenye taa, nikavuta kirungu, nikalegeza nati iliyo chini yake. Nyaya zilikuwa nne. Kabla ya kuzigusa nilichora picha ya kisanduku kwenye daftari, na kila waya nikaufunga uzi wa cherehani wa rangi yake: mwekundu, mweupe, wa buluu, ule wa kijani na manjano, ambao ndio waya wa ardhi, nikauacha ujulikane kwa rangi zake wenyewe. Mkia nikautoa taratibu pale ulipobanwa, nikaandika ulikuwa umeingia hadi wapi. Ilikuwa kama kung'oa mzizi wa muhogo bila kuukata.

Kesho yake nikaifunga ile themostati kwenye kitambaa, nikashika barabara ya Msimbazi kuelekea upande wa Gerezani. Joto lilikuwa la kabla ya masika, jasho halikauki. Soko Kuu, lile lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilikuwa bado na majeraha ya moto wa Julai 2021, na wafanyabiashara walikuwa wametawanyika mitaani hata pa kukanyaga ilikuwa taabu. Nikauliza duka moja, duka la pili, hadi nikafika kwenye kibanda kilichoning'inizwa mipira ya milango ya majokofu kama vile nyoka waliokaushwa.

"Shikamoo mama," akasema kijana wa dukani.

"Marahaba, mwanangu. Nataka ndugu ya hii."

Aliitazama, akachukua testa yake, akagusisha ncha mbili, taa ikawaka. Akazungusha hadi 0. Taa ikawaka vilevile. "Hii haiachii, mama. Nani amekufungulia?"

"Nimefungua mwenyewe."

Akanitazama tena, safari hii kwa namna nyingine. Akauliza kama jokofu ni la mlango mmoja au ni la kugandishia nyama tu, kwa kuwa themostati zake si moja, ijapokuwa kwa sura zafanana. Ile ya friza ingeliendesha jokofu langu hadi kwenye baridi ileile niliyoikimbia. Nilikuwa nimechukua futi ya cherehani. Tukapima mikia, akaniletea yenye urefu unaolingana. Kabla ya kulipa nilizungusha kirungu cha ile mpya hadi 0, ikalia "tak". Nikairudisha, ikalia tena. Ya zamani ilikuwa bubu. Nililipa shilingi 15,000, naye akanisindikiza kwa onyo: mkia usiukunje kwa kona kali, ukivunjika gesi hutoka, na hapo mota haitaamka kamwe.

Siku hizo tukiwa hatuna jokofu, vichupa vipya vya akiba vilikaa kwa jirani, naye nilimwomba aviweke katikati, mbali na barafu. Kile kilichofunguliwa, ambacho chaweza kukaa nje ya jokofu kwa majuma kama manne ikiwa joto halizidi sana, kilitutia wasiwasi kwa hari ile ya Dar es Salaam. Mama ndiye aliyetoa shauri. Aliagiza chungu kidogo kitiwe ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga wenye maji, na juu yake kitambaa kibichi, viwekwe ukumbini panapopita upepo. Maji yanapokauka kupitia udongo huchukua joto na kwenda nalo. Ubaridi wake si wa jokofu, lakini mkono ukiingia ndani wajua umeingia penye kivuli. "Maji ya kunywa tuliyaweka hivi kabla hamjazaliwa," akasema. Yalikuwa maneno yake marefu kuliko yote tangu kliniki.

Kuifunga themostati mpya hakukunichukua saa nzima. Waya kwa waya, uzi kwa uzi, nikifuata picha ya daftarini. Nilirudisha kifuniko, nikachomeka plagi, nikaweka kirungu kwenye 3. Mota ikaamka, nikapiga vigelegele peke yangu.

Nilifurahi mapema. Nilikuwa nimenunua kipimajoto kidogo cha jokofu kwenye duka la dawa, na alfajiri nilipokisoma kilionyesha digrii 1 chini ya sifuri. Mota ilikuwa ikinguruma usiku kucha kama zamani. Nilikaa juu ya kigoda nikahisi machozi. Niliweka kirungu kwenye 0, ikanyamaza. Kumbe themostati ilikuwa nzima. Nikachomoa plagi, nikafungua tena, na ndipo nilipoona ujinga wangu. Mkia sikuubana kwenye bati. Niliuingiza tu, ukawa unaning'inia hewani kwa upana wa kidole, unapima joto la hewa badala ya kupima ubaridi wa bati, na kila saa unaiambia mota kwamba bado, bado, bado. Nikaulaza juu ya bati, nikakaza kibanio kwa skrubu zake mbili hadi ukatulia. Nikasubiri dakika tano, maana mota ya jokofu haitaki kuamshwa mara tu baada ya kulala, kisha nikachomeka.

Siku ile sikufanya kazi nyingine. Nilikaa jikoni nikimsikiliza kama mtu anayemsikiliza mgonjwa akipumua. Baada ya muda, tak. Kimya. Sikukumbuka ni lini mara ya mwisho kusikia kimya kutoka pembe ile ya nyumba. Kisha, tak, ikaamka tena. Jioni kipimajoto kilikuwa digrii 5, na asubuhi 5. Vichupa vikarudi, safari hii kwenye rafu ya katikati, ndani ya kisanduku cha plastiki kisichogusa ukuta.

Kipimo cha mama hakikushuka kwa siku moja. Kilikuwa 15, kikawa 12, baada ya majuma mawili kikafika 8. Usiku akaamka mara moja tu. Kidonda kilichelewa zaidi, lakini hatimaye kilianza kufunga. Barafu yetu sasa huchukua usiku mzima kuganda, na wateja wangu wengi wamehama. Muuza juisi mmoja aliniambia kwa masikitiko kwamba nimeliharibu friji.

Yalibaki maneno ambayo yalikuwa yakinikaba. Mdogo wangu alipiga simu kutoka Mwanza akamwomba mama radhi, mama akamjibu kwa kumwuliza habari za watoto. Mimi, niliyekuwa naye kila siku, nilishindwa kupata pa kuanzia. Jioni moja, nilipokwisha kumdunga sindano, nilifungua pindo la khanga yangu nikatoa ufunguo wa kabati, nikauweka kiganjani mwake. Nikasema, "Mama, nisamehe." Akaupapasa ule ufunguo kwa kidole gumba, akaufunga kwenye pindo la khanga yake mwenyewe, fundo mbili, kwa mkono wake unaotetemeka.

Sasa kila asubuhi yeye ndiye anayesoma kipimajoto cha jokofu, akikisogeza karibu na jicho lake zima, na kunitajia namba. Nami nikitaka sukari ya chai yangu, huenda kumwomba ufunguo.